Mikia ya Uzao wa Shimba

Ng'ombe walikuwa wamejifunga duara. Vichwa ndani, matako nje, wamebanana mbavu kwa mbavu katikati ya mbuga ya Wembere, na majani mabichi yaliyowafika magotini hakuna aliyeyagusa. Minza Shigela aliwaona kwa mbali, akazima gari kabla ya kuwafikia. Alihofia mlio ungewashtua wakakanyagana. Ilikuwa saa nne asubuhi na kipimajoto cha garini kilisoma nyuzi thelathini na tisa. Kufikia saa nane zingekuwa arobaini na sita.

Mwenye ng'ombe, Nyanzobe Ndaki, alikuwa amesimama juani bila hata mtandio kichwani. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mifugo kutoka ng'ambo ya korongo. Leo sauti ile ilikuwa imekauka.

"Mwangaluka, mayu," Minza alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, daktari. Jana wamekufa kumi na mmoja. Wa leo sijui. Wanaofia mle ndani hawaanguki, wenzao wanawashikilia."

Minza alifunga kitambaa puani akasogea. Harufu ilimpokea kabla ya joto, na joto lilimpokea kabla ya nzi. Alichuchumaa kando ya jike mmoja mwekundu, akaanza kuhesabu nzi kwenye mguu mmoja wa mbele. Pange wakubwa, na wale wadogo wa kijivu wanaochoma kama pini. Alipofika hamsini aliacha. Damu ilikuwa inateleza hadi kwenye kwato.

Jike yule alirusha mkia. Minza aliutazama ukipanda, ukipiga ubavu, ukishuka. Ulikuwa mtupu kama ufito uliobanduliwa gome. Ncha yake haikuwa na unywele hata mmoja. Nzi waliokuwa ubavuni hawakujisumbua hata kuruka.

"Hawa walikuwa na singa za mkia walipozaliwa?" aliuliza.

"Ndama wote wana singa. Wakifika mwaka wa tatu zinadondoka. Mwanzoni nilidhani ni upungufu wa chumvi, nikawapa chumvi mpaka wakachoka." Nyanzobe alimgeukia. "Lakini manyoya yao ya mwilini mazuri, au sio? Mafupi, yanateleza, yanang'aa. Mlituahidi jua halitawaua tena."

"Jua haliwaui, mayu."

"Basi ni nini hiki?"

Minza aling'oa nywele chache kwenye sikio la yule jike. Alikuwa ameanza kulijua jibu.

* * *

Miaka kumi na minne nyuma kulikuwa na kile watu walichokiita Kiangazi Kirefu. Siku tisini na tatu bila wingu, usiku wenye joto kama mchana. Ng'ombe wenye manyoya mengi walikufa wakiwa wamesimama, ndimi nje. Nchi ilipomaliza kuzika ilianzisha Daftari la Mbegu, na Daftari likatafuta dume mmoja wa kuokoa waliobaki. Kati ya madume mia tisa akapatikana Shimba, mwenye manyoya mafupi kama mahameli na tezi za jasho zilizompoza kwa nyuzi mbili zaidi ya wenzake. Kila kilichotoka kwa Shimba kilionekana kuwa neema. Ikatungwa sheria: dume asiye wa uzao wake, asiyevaa hereni ya Daftari sikioni, akatwe mbegu, asizae tena. Kazi hiyo ilipewa ndege ndogo zisizo na rubani zenye sindano tumboni, ambazo wafugaji waliziita vipanga.

Sheria nzima ilisimama juu ya hati moja iliyothibitisha kwamba Shimba hana kasoro, na hati ile ilikuwa na saini moja. Minza alikuwa na miaka ishirini na saba alipoitia.

Sasa alikaa kwenye kivuli cha gari, kisomeo mapajani. Kilikuwa kifaa cha ukubwa wa redio ndogo. Unakitia mizizi ya nywele chache, kinakusomea kilichoandikwa kwenye damu ya mnyama, mstari kwa mstari. Alikuwa amechukua nywele za masikioni kutoka kwa majike sita, kwa kuwa mkiani hapakuwa na cha kuchukua.

Majibu yalitoka sawasawa kwa wote sita. Kirithi, yaani jeni, cha manyoya mafupi na kirithi cha mkia mtupu vilikaa kwenye uzi mmoja, vikigusana kama nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja. Ukimpa ndama kimoja, umempa na cha pili. Shimba mwenyewe alikuwa na nakala moja tu, kwa hiyo singa zake zilipungua bila kwisha. Lakini binti zake walipandishwa na wana wake, na wajukuu wakapokea nakala ya baba na nakala ya mama. Miaka ya ukame nzi walikuwa wachache, hakuna aliyegundua. Mvua ziliporudi, nzi wakarudi nazo.

Na mnyama asiyeweza kujifukuzia nzi hufanya kitu kimoja tu. Hujificha kwa mwenzake. Wakifanya hivyo sitini, wanaacha kula, wanaacha kunywa, na joto la mwili wa huyu linampika yule. Manyoya mafupi hayamsaidii mnyama aliyezungukwa na miili ya moto pande zote.

Minza alikumbuka fomu. Kipengele cha thelathini na moja, Mkia. Aliandika kwa mkono wake: singa chache, haina athari. Shimba alipimwa kwenye zizi lenye nyavu. Hakuna nzi aliyewahi kumgusa.

"Mayu," aliita akisimama. "Una samadi kavu?"

"Zizi zima."

"Tuchome, moshi ufukuze nzi. Tulivunje hili duara kabla ya saa sita."

* * *

Walibeba samadi kwa matenga, wakapanga mafungu manne upande unaotoka upepo, wakayatia moto na kuyafunika majani mabichi. Moshi mzito wa kijivu ulitambaa chini chini. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha jike mmoja wa nje akainua kichwa, akanusa, akaondoka kwenye duara kuelekea moshini. Akafuata wa pili. Duara lilifunguka polepole, na walipoachana, watatu walianguka palepale. Walikuwa wamekufa tangu alfajiri.

Nyanzobe alimpita kila mmoja akamgusa paji la uso. Hakulia. Alikwenda kubeba tenga jingine.

Hapo ndipo Minza alipowaona wengine. Upande wa mashariki, mbali na moshi, ng'ombe kama tisa walikuwa wakila majani kana kwamba siku hii haikuwahusu. Mikia yao ilikwenda kushoto na kulia bila haraka, mirefu, yenye vishungi vizito vinavyogusa magoti ya nyuma. Mgongo wa kila mmoja ulikuwa mpana. Kwa macho tu aliwakadiria kuwazidi wenzao kwa kilo hamsini.

Kutoka kwenye kichaka cha miiba nyuma yao akatokea dume.

Alikuwa wa rangi ya majivu, nundu imesimama, manyoya mafupi yanayong'aa jua lilipompiga. Mkia wake ulifagia ubavu mzima kwa pigo moja. Masikio yake yote mawili yalikuwa mazima, hayajatobolewa.

Minza aligeuka. Nyanzobe alikuwa ameangusha tenga.

"Miaka minne," mama yule alisema. "Miaka minne namfungia kichakani kipanga kikipita. Leo moshi umemvuta, au majike. Sijui." Alimshika Minza mkono, akamshika kwa nguvu. "Usimwandike, mwanangu. Nakuomba."

"Baba yake nani?"

"Dume letu la asili, la marehemu mume wangu. Lilikuwa na manyoya kama blanketi. Mama yake nusu yenu, nusu yetu."

Walimkamata kwa kamba. Alikuwa mpole kuliko Minza alivyotegemea. Kisomeo kilichukua dakika nne. Minza alisoma mara mbili, halafu akakifuta kioo kwa shati akasoma tena. Uzi ulikuwa umekatika palepale kwenye ukuta kati ya zile nyumba mbili. Dume huyu alikuwa na manyoya ya Shimba na mkia wa mababu zake. Jambo kama hilo lingeweza kutokea mara moja katika ndama elfu kumi, na lilikuwa limetokea kichakani kwa mjane wa Wembere.

Simu yake ililia. Haikuwa mtu, ilikuwa taarifa kutoka Daftari: Moshi umeonekana. Dume lisilo na hereni limeonekana. Kipanga kitafika saa tisa kamili.

Ilikuwa saa saba na nusu.

* * *

Alimpigia Lugembe, mkurugenzi wa Daftari. Walisoma darasa moja, na miaka yote hii alimwita kaka. Alimweleza yote: nzi, duara, uzi mmoja, wajukuu wa Shimba. Lugembe alisikiliza bila kumkatiza. Kisha Minza akamweleza habari za dume.

"Ana vyote viwili?" Sauti ya Lugembe ilibadilika. "Manyoya na mkia?"

"Vyote viwili."

"Mwandikishe sasa hivi. Mtie hereni, kipanga kitamwacha. Kesho naleta lori. Minza, unaelewa umepata nini? Baada ya miaka miwili kila ng'ombe wa nchi hii atazaa naye. Uzao wa Shimba tunaufunga, tunaufungua huu."

"Dume mmoja tena?"

"Kuna mwingine?"

Minza aliinua macho. Mbele yake Nyanzobe alikuwa ameshika kamba ya dume, akimpungia nzi kwa tawi ingawa mnyama hakuhitaji.

"Baba yangu alikuwa na ng'ombe mia mbili," Lugembe alisema, taratibu sasa. "Kiangazi Kirefu kilipokwisha alikuwa na wanne. Unakumbuka ile harufu? Mimi bado ninaisikia. Sitaki kusubiri kamati na semina. Kila wiki tunayochelewa kuna mtu anasimama juani anawaona wakifa. Mwandikishe."

Alikuwa na hoja. Hilo ndilo lililomuumiza Minza. Mtu huyu hakuwa mkatili, alikuwa mtu mwenye haraka kwa sababu nzuri, kama yeye mwenyewe alivyokuwa zamani. Alikata simu akachukua hereni moja kutoka kwenye sanduku la gari. Akamwendea Nyanzobe.

"Nikimvalisha hii, hakatwi mbegu. Lakini atakuwa wa Daftari. Kesho wanakuja kumchukua."

"Na mimi?"

"Utapewa ndama wake wa kwanza."

Nyanzobe alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Ndama wake ninao, wale wenye mikia." Kisha akasita. Alitazama chini, akachora kitu mchangani kwa kidole cha mguu. "Daktari, kuna jambo. Sikutaka kulisema, lakini mimi nimekuona umebeba samadi kwa mikono yako. Amenizalia ndama kumi na tisa. Wawili wametoka vipofu."

Minza aliteremsha mkono wenye hereni. "Mama zao nani?"

"Dada zake. Kundi la kujificha, mwanangu, linapandana lenyewe kwa lenyewe. Ningempeleka wapi?"

Minza alikaa chini pale pale kwenye majani. Kwa hiyo dume huyu naye alikuwa na kitu kilichojificha, nakala moja tu, isiyomdhuru. Kwa majike wa watu wengine upofu ule ungeweza usionekane kabisa. Lakini akifanywa baba wa nchi nzima, wajukuu wake wangekutana kama walivyokutana wajukuu wa Shimba. Mwaka wa kumi, wa kumi na mbili, ndama wangekuwa wanazaliwa gizani kutoka Kagera hadi Lindi.

Akisema, kanuni ya Daftari ilikuwa wazi: dume aliyezaa kipofu anauawa. Mbuga ingebaki na mikia mitupu, na kesho duara lingejifunga tena. Akinyamaza, angeandika kwenye fomu mpya neno lilelile aliloandika kwenye ile ya zamani. Haina athari. Na asipofanya lolote, saa tisa sindano ingemaliza mjadala.

"Saa ngapi?" Nyanzobe aliuliza.

"Nane na dakika ishirini."

"Mbona umekaa?"

* * *

Alimpigia Lugembe tena saa nane na dakika arobaini. Safari hii alizungumza akiwa amesimama, kisomeo mkononi, ukurasa wa hati ya Shimba umefunguliwa kwenye kioo chake. Chini ya saini yake palikuwa na kitufe ambacho hakuna aliyewahi kukigusa kwa miaka kumi na minne.

"Kaka, ninaifuta hati."

"Hati ipi?"

"Ya Shimba. Nilithibitisha hana kasoro. Anayo. Nilikosea, na nimeeleza nilivyokosea, yote yamo humu, pamoja na ndama vipofu wa huyu dume mwingine."

"Minza, subiri. Ukiifuta hiyo hati sheria haina pa kusimama. Vipanga vyote vinatua. Nchi nzima."

"Najua."

"Watu watapandisha madume ya ajabu! Yenye manyoya kama kondoo! Kikija kiangazi kingine, ndama wale watakufa, na watakufa kwa mkono wako. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria. Baadhi watakufa. Lakini hawatakufa wote siku moja kwa sababu moja. Sisi ndio tumewafanya wawe mnyama mmoja, kaka. Mnyama mmoja mwenye miili milioni tatu."

"Nitakufukuza kazi. Sina namna nyingine."

"Najua hilo pia."

"Dada..." Hakumalizia. "Wewe ndiye uliyenifundisha kumwamini Shimba."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Nyanzobe alikuwa anaonyesha angani. Kitone cheusi kilitokea upande wa Igunga, kikakua, kikawa na mabawa manne na mlio mwembamba kama wa mbu sikioni. Dume aliinua kichwa. Nyanzobe alijibandika ubavuni kwake, akanyoosha mikono juu ya mgongo wake, kana kwamba mwili wa binadamu ungeizuia sindano.

Minza alibonyeza. Kisomeo kilimuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena. Kikamtaka jina lake kamili. Vidole vilikuwa na majivu na jasho, herufi ya kwanza ikakataa, akavifuta kwenye suruali, akaandika tena. Kipanga kilishuka, kikasimama hewani juu ya dume kwa urefu wa mtu, mlango mdogo wa tumboni ukafunguka. Nyanzobe alifumba macho.

Sindano ilitoka nusu.

Ikabaki hapo. Minza alihesabu pumzi zake, zilifika saba. Kisha sindano ikarudi ndani, mlango ukajifunga, na kipanga kikashuka taratibu mpaka kikatua kwenye majani, mabawa yakanyamaza. Jike mmoja alikuja akakinusa, akaanza kula majani yaliyokizunguka.

Nyanzobe hakuondoka ubavuni kwa dume kwa muda mrefu.

* * *

Saa kumi na moja ng'ombe wengine wawili walikuwa wamekufa. Arobaini na saba walikuwa moshini, wanakunywa maji. Gari la Daftari lilikuja likachukua kisomeo, kitambulisho na funguo. Dereva hakumtazama usoni. Minza alibaki na kitambaa chake na chupa ya maji.

Alikuwa anamsaidia Nyanzobe kuongeza samadi walipoona mtu akija kutoka upande wa korongo. Alikuwa anaongoza dume kwa kamba. Nyuma yake, mbali, mwingine. Halafu wawili kwa pamoja. Habari ya vipanga kutua ilikuwa imefika kila kituo cha maji cha Wembere, na watu walikuwa wanatoa vichakani walichokuwa wamekificha: mekundu, ya madoadoa, lenye pembe moja, lililokonda kwa kufungiwa. Minza alihesabu madume kumi na manne, kwenye mbuga aliyoiandikia ripoti ya mwaka jana kuwa haina hata moja.

Mtu wa kwanza aliitwa Malale. Alikuwa na ndevu fupi na hasira iliyokaa siku nyingi. Dume lake lilikuwa kubwa, zuri, lenye mkia wa kifahari, na manyoya marefu yaliyojikunja shingoni.

"Wanasema wewe ndiye daktari," alisema. "Nimeleta umwone."

Minza alimzunguka mnyama yule. Alimgusa shingo, mbavu, nundu. Alitamani kusema jambo la kumfurahisha mtu huyu; hawakuwa wengi siku ile wa kufurahishwa.

"Mkia wake mzuri sana. Nzi hawatamsumbua," alisema. "Lakini usimpandishe peke yake, kaka Malale, changanyeni madume. Manyoya haya yatawaua watoto wake jua likikaza."

Malale alikaza kamba. "Na nikikataa?"

Minza alitafuta mfukoni hereni, fomu, kitu chochote cha kumjibia. Mfuko ulikuwa mtupu.

"Utakuwa umekataa," alisema. "Siwezi kukulazimisha."

Mtu yule alimtazama kwa muda, akitafuta mtego uko wapi. Nyuma yake wengine walikuwa wamefika, wamesimama na madume yao, wanasikiliza. Kisha Malale aliifunga kamba kiunoni mwake, akaachia mikono.

"Basi nionyeshe," alisema.

Minza alimshika kiganja, akakiingiza chini ya yale manyoya marefu ya shingoni mpaka kwenye ngozi, akakibana hapo mpaka Malale mwenyewe alipousikia moto uliofungiwa mle.